Fundi wa gereji aliyefunza gari kutembea juu ya theluji

Ukiwahi kupanda ndege ya Jambojet kutoka Nairobi kwenda Kisumu, Eldoret au Mombasa, ile yenye propela mbili kubwa mbawani, basi umeshakalia kazi ya kampuni iliyoanza kama gereji ya kijijini. Ndege hizo, Dash 8 Q400, ziliundwa Canada na kampuni ya Bombardier. Jina hilo linasikika kama la kijeshi, lakini ni la ukoo tu. Mwenyewe alikuwa fundi wa magari, na alifariki mwaka wa 1964 bila kuunda hata ndege moja. Alichounda yeye ni gari la kupita kwenye theluji.

Najua utasema theluji inatuhusu nini sisi, ilhali ya karibu iko kule kileleni mwa Mlima Kenya. Subiri kidogo. Umewahi kuona barabara ya mashambani wakati wa masika, ile ya udongo mweusi unaonata? Matatu inakwama, boda inazama hadi injini, na mgonjwa anabebwa na vijana hadi kwenye lami. Kama unaijua picha hiyo, tayari unalijua tatizo la Joseph-Armand Bombardier. Tofauti ni kwamba kwao hali hiyo ilikuwa inadumu miezi minne au mitano kila mwaka, na matope yenyewe yalikuwa meupe.

Kijana wa kufungua kila kitu

Armand, kama alivyoitwa nyumbani, alizaliwa Aprili 16, 1907 huko Valcourt, kijiji cha wakulima katika mkoa wa Quebec, upande wa Canada unaozungumza Kifaransa. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Babake, Alfred, alikuwa mkulima kisha akafungua duka.

Ili umwelewe kijana huyu, elewa kwanza msimu wa baridi ulivyokuwa zamani hizo. Gari lilikuwa kitu cha miezi ya joto tu. Theluji ilipoanza kushika, karibu Novemba, mwenye gari aliliingiza ghalani, akaliinua juu ya magogo, akatoa betri, halafu akaliacha hapo hadi Aprili. Barabara za vijijini hazikusafishwa. Farasi walivuta magogo mazito ya duara kuishindilia theluji iwe ngumu, kisha watu wakasafiri kwa sleji, yaani mkokoteni usio na magurudumu, wenye vibao vya kuteleza chini yake. Daktari alienda kwa sleji, padri alienda kwa sleji, maziwa yalienda kwa sleji. Dhoruba ikipiga, hakuna aliyeenda popote.

Armand alikuwa mtoto wa aina ile ambayo hata mtaani kwenu yuko, yule ambaye ukimwachia redio mbovu utaikuta mezani vipande vipande. Saa zilizokufa aligeuza mitambo yake kuwa vifaa vya kuchezea vinavyotembea vyenyewe. Babake, akiogopea gari lake la kifamilia, alimpa injini ya Ford Model T iliyochakaa ili ahangaike nayo hiyo.

Alihangaika nayo kweli. Mnamo Desemba 31, 1922, akiwa na umri wa miaka 15, Armand na mdogo wake Léopold walitoka ghalani wakiwa wamepanda kitu ambacho kijiji kilikuwa hakijawahi kuona. Walikuwa wamefunga injini ile juu ya sleji, na nyuma yake wakaweka propela, panga za kuzunguka kama za feni kubwa. Léopold alikaa mbele akiongoza, Armand akashughulikia injini. Kelele zilijaa kijiji kizima, na chombo kile kikatembea kama kilomita moja hivi. Mzee Alfred alipoziona zile panga zikizunguka bila kinga yoyote, hakushangilia. Aliwaamuru wakifungue mara moja kabla mtu hajakatwa.

Mzee alikuwa sahihi kuhusu hatari, na kulikuwa na shida nyingine pia. Sleji za propela zilifanya kazi vizuri mahali pengine. Magharibi mwa Canada, katika tambarare za Saskatchewan, zilitumika kwa miaka mingi kwa sababu kule ardhi ni bapa, upepo umeigandamiza theluji ikawa ngumu, na hakuna cha kugonga. Lakini Quebec ina vilima, misitu na theluji nyororo iliyolundikana. Kule, chombo kinachosukumwa na upepo kinazama na kukosa nguvu. Ndiyo maana suluhu ya theluji ya eneo moja haihamishiki hivi hivi hadi eneo jingine.

Kutoka seminari hadi gereji

Babake alitaka awe padri. Alimpeleka seminari mjini Sherbrooke akiwa na miaka 14. Haikufika mbali. Akiwa na miaka 17 Armand aliwashawishi wazazi wamruhusu aache masomo hayo akawe mwanafunzi wa umekanika. Alianzia gereji ya karibu na kwao, kisha akaenda Montreal, jiji kubwa. Mchana alikuwa chini ya magari, jioni alikuwa anasoma umekanika na umeme. Alijifunza Kiingereza pia, maana majarida mengi ya kiufundi aliyotaka kuyasoma yaliandikwa kwa lugha hiyo.

Mwaka wa 1926, akiwa na miaka 19, alirudi Valcourt na kufungua Garage Bombardier. Babake alimkopesha pesa za kuanzia, naye akalipa deni lote katika muda wa miaka mitatu. Umeme ulipohitajika, alitega maji ya kijito kilichopita hapo karibu ili kuendesha mitambo yake. Kifaa alichokosa alijiundia mwenyewe. Ungeweza kumwita fundi wa jua kali, kasoro tu kwamba jua lenyewe lilikuwa haba.

Mnamo 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Biashara ilikwenda vizuri wakati wa joto. Lakini kila Novemba ilipofika, magari ya wateja yaliingia ghalani na gereji ikanyamaza. Miezi hiyo ya kimya ndiyo aliyoitumia kujaribu gari lake la theluji, mwaka baada ya mwaka, mfano baada ya mfano. Mingi ilishindwa.

Usidhani alikuwa peke yake kwenye mbio hizo. Huko Urusi, kabla ya mapinduzi ya 1917, Mfaransa Adolphe Kégresse alikuwa amefunga mikanda ya mpira nyuma ya magari ya mfalme Nicholas II ili yapite kwenye theluji. Nchini Marekani, katika jimbo la New Hampshire, Virgil White alikuwa anauza vifaa vya kugeuza Ford Model T. Magurudumu ya mbele yanatolewa na kuwekwa vibao vya kuteleza, na nyuma unafungwa mkanda. Kwa hivyo wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni chombo cha bei ya kawaida, kinachoweza kustahimili theluji laini ya Quebec bila kuharibika kila baada ya kilomita chache.

Baridi ya 1934

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1934. Mtoto wao Yvon, mwenye umri wa miaka miwili tu, aliugua ghafla. Kidole tumbo kilikuwa kimeshambuliwa na sumu ikasambaa tumboni. Alihitaji kufanyiwa upasuaji haraka. Hospitali ilikuwa umbali wa kama kilomita 50, na barabara zote zilikuwa zimezibwa na theluji.

Fikiria hapo kidogo. Huyu si mtu aliyekosa pesa ya nauli. Si mtu aliyekosa gari. Alikuwa na gereji nzima, ujuzi wa injini kuliko yeyote pale kijijini, na hapo hapo gerejini kulikuwa na gari la theluji ambalo lilikuwa bado halijakamilika. Miaka kumi na zaidi ya majaribio, na siku lilipohitajika halikuwa tayari. Yvon alifariki.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Bombardier aliamka siku iliyofuata na kuvumbua gari. Sivyo. Alikuwa analifanyia kazi tangu utotoni. Lililobadilika ni kwamba sasa hakikuwa kitu cha kujifurahisha wakati gereji imenyamaza. Kila nyumba ya mashambani Quebec ilikuwa inaishi na hatari hiyo hiyo, na yeye alikuwa ameiona ikiingia kwake.

Siri ilikuwa kwenye gurudumu

Hebu tuingie gerejini tuone alichokifanya. Gari la kawaida huzama kwenye theluji kwa sababu uzito wake wote unakalia sehemu nne ndogo, pale tairi zinapogusa chini. Ni kama kutembea matopeni ukiwa umevaa viatu vya kisigino kirefu. Ukilaza ubao na kukanyaga juu yake, uzito unatawanyika na huzami. Ndiyo kazi ya ule mkanda mpana wa nyuma. Unatandaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa, na vibao vya mbele vinateleza na kuongoza.

Shida ilikuwa jinsi ya kuuzungusha mkanda huo. Ukitumia minyororo ya chuma, kama ya trekta, inakuwa mizito na inazama. Ukitumia mpira mtupu, unateleza na kuchomoka. Theluji nayo inajipenyeza katikati, inaganda, na kila kitu kinakwama. Jibu la Bombardier lilikuwa gurudumu lenye meno, lililofunikwa mpira, likizungusha mkanda wa mpira na pamba wenye vyuma vilivyokatiza. Meno yalishika vile vyuma barabara, na mpira ukakataa kugandwa na theluji. Alikamilisha mfumo huo mwaka wa 1935, na mnamo Juni 1937 akapewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi wake.

Ukiliangalia gurudumu lile leo unaweza kusema ni kitu kidogo. Lakini kampuni nzima ilijengwa juu yake.

Gari lake la kwanza la kuuza liliitwa B7, herufi ya jina lake na idadi ya watu waliobebwa. Wateja wa mwanzo walikuwa wale ambao kazi yao haisubiri jua litoke, kama madaktari, wenye hoteli na wasafirishaji. Likafuata B12 mwanzoni mwa miaka ya 1940, lenye bodi ya mbao na madirisha ya duara kama ya meli. Watu 12 walienea ndani. B12 zilitumika kama ambalansi, kama basi la shule, kubeba barua na kubeba mizigo. Yaani ilikuwa matatu ya theluji.

Mnamo 1942 alisajili kampuni, L'Auto-Neige Bombardier. Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepamba moto na malighafi ilikuwa ya kugawiwa kwa kipimo. Raia aliyetaka gari la theluji alipaswa kuthibitisha kwamba analihitaji kweli kwa kazi yake. Kampuni nayo ikaingia katika kuunda magari ya kijeshi ya kupita kwenye theluji na matope.

Siku barabara ziliposafishwa

Vita vikaisha, oda zikamiminika. Kisha, mwaka wa 1948, serikali ya Quebec ikapitisha sheria kwamba barabara kuu na za vijijini zisafishwe theluji wakati wa baridi. Magreda na malori ya kusukuma theluji yakaanza kazi. Ghafla mkulima angeweza kuendesha gari lake la kawaida Januari. Nani sasa atanunua B12? Mauzo ya kampuni yalishuka karibu nusu katika mwaka mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka uangalie kwa makini. Ukilitazama jambo hili kwa jicho la biashara, ni pigo kubwa. Soko lake lilifutwa kwa sheria moja. Lakini ukilitazama kwa jicho la mzazi wa Valcourt, barabara iliyosafishwa inafanya kazi ile ile ambayo B12 ilikuwa inafanya, tena inaifanyia kila mtu, hata yule asiye na uwezo wa kununua gari la theluji. Barabara kama hiyo ingekuwepo mwaka wa 1934, hadithi ya Yvon pengine ingekuwa nyingine. Hakuna gari, hata liwe zuri vipi, linaloshinda barabara inayopitika.

Bombardier alilazimika kuanza upya. Alijiuliza ni wapi kwingine ambako magurudumu hushindwa. Akaangalia wakulima, na mnamo 1949 akatoa mikanda ya kufungwa kwenye matrekta yao yasikwame. Akaangalia misitu na vinamasi, na mnamo 1953 akatoa Muskeg, trekta la kubeba mizigo mahali ambapo ardhi ni tope, theluji au vyote viwili. Muskeg moja ilifika hata Antaktika, katika msafara uliovuka bara hilo la barafu mwaka wa 1957 na 1958.

Ndoto ya utotoni ilikuwa bado kichwani, ile ya chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Kwa miaka mingi ilishindikana kwa sababu injini zilikuwa nzito mno. Katika miaka ya 1950 zilipatikana injini ndogo na nyepesi, na mwanawe Germain akabuni mkanda wa mpira wa kipande kimoja usio na maungio. Mwaka wa 1959 pikipiki ya theluji ikaingia sokoni. Jina lililokusudiwa lilikuwa Ski-Dog, kwa kuwa ingechukua nafasi ya mbwa wanaovuta sleji kule kaskazini. Herufi ya mwisho ikakosewa ikawa Ski-Doo, na jina hilo likapendwa likabaki.

Moja ya zile za mwanzo ilimwendea rafiki yake, padri Maurice Ouimet, mmishonari aliyehudumu miongoni mwa jamii za wenyeji kaskazini mwa Ontario. Msimu wa kwanza ziliuzwa 225. Yeye aliitazama kama chombo cha kazi, cha wawindaji, wamishonari na watafutaji madini. Watu wa kawaida wakaigeuza mchezo wa wikendi, na mauzo yakapanda hadi maelfu kwa mwaka. Katika miaka ya 1960 pikipiki za theluji zikafika pia kwa Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Ulaya, na kwa Wainuit wa Aktiki. Zilibadilisha maisha yao, kwa mema na kwa gharama zake. Mbwa unaweza kumlisha samaki uliyemvua mwenyewe, ila petroli lazima uinunue.

Bombardier hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Saratani ilimuua Februari 18, 1964, akiwa na miaka 56, katikati ya msimu wa baridi. Aliacha hataza zaidi ya 40. Ni warithi wake, wakiongozwa na mkwewe Laurent Beaudoin, walioiingiza kampuni katika treni na baadaye ndege.

Kila eneo na theluji yake

Leo, kama una binamu anayeishi Canada, muulize anavyopambana na barabara mwezi wa Januari. Jibu litategemea yuko wapi. Wa Quebec atakwambia kwamba sheria inamlazimu kufunga tairi za majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, zenye mpira usiokakamaa kwenye baridi. Wa Edmonton au Winnipeg, kwenye baridi kali zaidi, atakwambia kwamba usiku anachomeka gari kwenye umeme kama simu, ili injini isigande na ikatae kuwaka asubuhi. Mahali pengine humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Lakini baridi ikizidi sana chumvi ya kawaida haifui dafu, na ndipo humwagwa mchanga ili tairi zipate pa kushika.

Na kwenye vijiji vya kaskazini ambako greda haifiki kabisa, bado mgonjwa huenda akavutwa kwa sleji nyuma ya pikipiki ya theluji. Ile kazi ambayo gari la mwaka wa 1934 halikuwa tayari kuifanya, inafanyika.

Valcourt ina makumbusho yake sasa, na gereji ya kwanza imehifadhiwa humo. Ni ndogo, hata ukilinganisha na gereji nyingi za Kirinyaga Road. Kwa hivyo masika ijayo ukiona vijana wamebeba mgonjwa kupita matopeni, usiishie kupiga picha ya kuweka mtandaoni. Jiulize mambo mawili ambayo maisha ya fundi huyu yanayauliza. Je, kuna chombo cha kupita hapa leo? Na ni nani anayepaswa kuitengeneza hii barabara, ili kesho chombo hicho kisihitajike?